Kaisari na Askari wa Hamamuni: Hekaya na Hakika



Ni chache, katika hekaya ambazo wanadamu wamezisimulia juu ya wafalme wao, zilizopendwa na kurudiwa kama ile ya mnyonge aliyekutana na mwenye enzi uso kwa uso, akasema naye pasipo bawabu wala mkalimani kati yao, akaondoka na haja yake mkononi. Sisi watu wa pwani tumelelewa na visa vya Harun ar-Rashid akizunguka vichochoro vya Baghdad usiku kwa mavazi ya kujigeuza, na vya Abunuwasi aliyeponywa na ulimi wake pale ambapo wengine wangepotewa na vichwa; na sidhani kama liko taifa lililopata kutawaliwa na mfalme ambalo halina visa vya jinsi hiyo. Jioni hii nataka tukitazame kimoja tu, nacho si cha Baghdad bali cha Roma, si cha mjanja wa mjini bali cha askari mzee ambaye hata jina lake halikutajwa. Tutakitazama kwanza kama kinavyosimuliwa, kisha tutakipima kwa mizani ya wenye kuandika tarehe, na baada ya hayo tutakilinganisha na yale ambayo mawe, shaba na mafunjo yametuhifadhia juu ya makutano ya kweli baina ya askari wa Kirumi na kaisari wao. Miaka nitakayoitaja yote ni ya Miladi, ila pale nitakapoeleza vingine.

Kisa chenyewe ni hiki. Kaisari Hadrian, aliyeitawala dola ya Warumi tangu mwaka 117 hata mwaka 138, alikuwa na desturi ya kuoga katika hamamu za watu wote, pamoja na raia wa kila daraja. Siku moja akamwona mzee, askari mstaafu aliyemfahamu tangu siku za kambini, akijisugua mgongo na mwili wake kwenye marumaru ya ukutani. Akamwuliza kwa nini anasuguliwa na ukuta. Mzee akajibu kwamba hana mtumwa wa kumfanyia kazi hiyo. Hapo kaisari akamtunukia watumwa, na juu yao akampa na gharama ya kuwatunza. Habari ikaenea kama zieneavyo habari za ukarimu, na siku nyingine kaisari alipoingia hamamuni akawakuta wazee kadhaa wanajisugua ukutani, kila mmoja akitaraji kuuamsha ule ukarimu kwa ajili yake. Hadrian akaamuru waitwe, akawaagiza wasuguane wao kwa wao.

Apendaye kupata taswira ya mahali hapo na aende Unguja mjini, kwenye hamamu aliyoijenga Sayyid Barghash katika mtaa ambao mpaka leo waitwa Hamamni, akaone jinsi vyumba vya joto na vya baridi vilivyopangwa, na jinsi watu wa mji walivyoweza kuingia humo kwa malipo. Kisha aviongeze vyumba hivyo kwa ukubwa na kwa idadi hata aone umati wa mji mkuu wa dola ukienda huko kila siku baada ya kazi za mchana. Warumi walijipaka mafuta, wakatoka jasho, kisha wakajikwangua uchafu kwa chuma kilichopinda. Na kwa kuwa hakuna mtu awezaye kuufikia mgongo wake mwenyewe vizuri, tajiri alikuja na mtumwa wa kumkwangua na kumsugua. Hamamuni, basi, watu wote walikuwa uchi, na nguo za cheo zilikuwa zimeachwa mlangoni, lakini daraja za watu hazikuachwa mlangoni pamoja na nguo: zilionekana kwa kutazama nani anasuguliwa na nani anajisugua. Msimulizi wa kisa hiki alijua alichokuwa akikichagua alipompeleka kaisari na askari wake mahali hapo.

Lipo swali ambalo kisa hakikuliuliza, nalo ni vipi mzee huyo alifika katika ufukara huo. Askari wa legioni alitumika muda wa miaka 25. Kaisari Augustus, mwaka wa 5, aliweka kanuni kwamba amalizapo muda wake apewe kiinua mgongo cha sesterti 12,000, ilhali mshahara wake wa mwaka katika zama hizo ulikuwa sesterti 900. Yaani alistahili kuondoka na mali ya zaidi ya mishahara ya miaka kumi na mitatu, ama kipande cha ardhi mahali pake. Mzee wetu ama aliipoteza mali hiyo, ama aliila, ama alipewa shamba la mawe, ama alipunjwa na wakubwa wake. Yoyote katika hayo ingefaa kuwa habari nzima, lakini hekaya haina haja na sababu za umaskini. Haja yake ni maskini mmoja na mkono mmoja wa kumpa.

Wanazuoni wetu wa hadithi wametufundisha kwamba riwaya haipokewi kwa utamu wake bali kwa isnadi yake: nani aliyeisimulia, aliipokea kwa nani, na je, wapokezi hao walipata kuonana? Tukikitia kisa cha hamamu katika mizani hiyo, twaona upesi kwamba mnyororo wake umekatika katikati. Kinapatikana katika kitabu kiitwacho Historia Augusta, mkusanyo wa sira za makaisari kuanzia Hadrian mwenyewe hata miaka ya mwisho kabla ya Diocletian. Kitabu hicho chajieleza kuwa ni kazi ya waandishi sita walioishi katika zama za Diocletian na Constantine. Lakini mwaka 1889 mwanachuoni wa Kijerumani, Hermann Dessau, alitoa hoja, ambayo tangu hapo imekubaliwa na wengi, kwamba sita hao kwa hakika ni mtu mmoja aliyejificha nyuma ya majina ya kubuni, naye aliandika karibu na mwisho wa karne ya nne. Kwa hiyo, baina ya mgongo wa yule mzee na kalamu ya aliyetuandikia habari zake, imepita miaka 250 hivi, na rawi wa kati hakutajwa.

Tena mwandishi huyo si mtu wa kuaminiwa kwa kila neno. Ndiye atuambiaye, juu ya Kaisari Maximinus, kwamba kimo chake kilipita futi nane, kwamba aliivaa bangili ya mkewe kuwa pete ya kidole gumba, na kwamba kwa siku moja aliweza kula ratili arobaini za nyama. Na ndiye aliyezijaza baadhi ya sira zake barua na hati ambazo wachunguzi wamezibaini kuwa ni za kutungwa. Ni insafu kusema, hata hivyo, kwamba sira ya Hadrian imo katika zile zilizo bora katika kitabu hicho, nayo yaonekana kuwa imechota katika maandishi ya zamani zaidi yaliyokwisha kupotea. Hatuwezi kukipokea kisa kuwa ni sahihi, wala hatuna ruhusa ya kukitupa kuwa ni uzushi mtupu.

Yafaa pia tukumbuke kwamba visa vya jinsi hii huhama kutoka kwa mfalme mmoja hata kwa mwingine. Mwanahistoria Cassius Dio, aliyeandika kwa Kiyunani mwanzoni mwa karne ya tatu, asimulia kwamba mwanamke mmoja alimsimamisha Hadrian njiani akitaka kusikilizwa. Kaisari akasema hana nafasi. Mwanamke akamjibu kwamba, kama ni hivyo, basi na aache kutawala. Naye kaisari akageuka akamsikiliza. Ni kisa kizuri, lakini Plutarch, aliyeishi zama moja na Hadrian, alikwisha kukisimulia juu ya Demetrius mfalme wa Makedonia, aliyekufa zaidi ya miaka mia tatu kabla ya Hadrian kuzaliwa. Mwanamke ni yule yule na jibu ni lile lile. Aliyebadilishwa ni mfalme tu.

Na visa havihami tu, bali hukua njiani. Yuko askari mwingine mzee katika vitabu vya Warumi, aliyekuwa na kesi barazani, akamwomba Augustus aje kumtetea. Augustus, kwa kuwa alikuwa na shughuli, akataka kumtuma rafiki yake badala yake. Askari akakasirika, akamkumbusha kwamba yeye, kaisari alipokuwa na haja naye, hakumpeleka mtu mwingine wa kupigana mahali pake. Kaisari akaona haya, akaenda barazani mwenyewe. Dio akisimulia habari hii asema tu kwamba askari alijitia katika hatari kila mahali kwa ajili ya kaisari. Lakini Macrobius, aliyeandika karne mbili baada ya Dio, ameipata vita yenyewe, nayo ni ile ya Actium ya mwaka 31 kabla ya Miladi. Tena amempata askari akifunua mwili wake na kuonyesha makovu. Kila kizazi kiliona kisa kimepungukiwa na kitu, kikaongeza.

Baada ya kusema hayo yote, sipendi mtoke hapa mkidhani kwamba hekaya hutua popote kama vumbi. Hutafuta mahali panapoifaa, na kwa Hadrian ilipata mahali. Kitabu kile kile cha sira, na Dio pamoja nacho, vyakubaliana katika jambo moja: kwamba kaisari huyu alizunguka majimbo ya dola yake kuliko wote waliomtangulia, na kwamba katika kambi aliishi maisha ya askari. Twaambiwa alikula hadharani chakula cha kambini, mafuta ya nguruwe na jibini, akanywa maji yaliyotiwa siki. Alitembea kwa miguu maili ishirini akiwa na silaha zake. Aliwatembelea wagonjwa mahali walipolazwa. Wala hakufunika kichwa chake, si katika theluji ya Ujerumani wala katika jua la Misri. Mtu wa namna hiyo akisemwa kwamba alimtambua askari wake wa zamani akiwa uchi katika mvuke wa hamamu, msikilizaji haoni ajabu.

Tena alikuwa na sababu ya kutaka kuonekana hivyo. Alishika ufalme mwaka 117 akiwa Syria, kwa sauti ya majeshi, kabla baraza la wazee la Roma halijatoa kauli. Na kufanywa kwake mwana na mrithi wa Trajan, kaisari aliyemtangulia, kulikotangazwa katika saa za mwisho za Trajan, kulitiliwa shaka na watu tangu siku zile. Aliziacha nchi za Mesopotamia ambazo Trajan alikuwa amezitwaa kwa damu ya askari, na mwaka uliofuata wakuu wanne wa dola, watu waliopata kushika cheo cha ukonsuli, waliuawa kwa kushutumiwa kula njama juu yake. Mtawala aliyeingia kwa mlango mwembamba kama huo hana budi kulipendeza jeshi. Na Hadrian, asiyetaka kulipa jeshi vita na ngawira, alilipa fedha, nidhamu, na uso wake mwenyewe.

Kati ya hekaya na hakika upo ushahidi mmoja ambao umekaa penye mpaka. Dio asimulia kwamba wapanda farasi wa Kibatavi, watu wa nchi iliyo leo Uholanzi, waliuvuka mto Danube kwa kuogelea, silaha zao mwilini, na maadui walipoona walishikwa na hofu. Na limetufikia shairi la kaburini, la Kilatini, ambamo askari mmoja wa kabila hilo, aliyezoewa kuitwa Soranus, ajisifu mwenyewe kwamba katika Wabatavi elfu yeye ndiye aliyekuwa wa kwanza, kwamba aliuvuka mto huo mpana Hadrian akiwa hakimu wake, na kwamba aliweza kurusha mshale juu kisha, kabla haujaanguka, kuupiga na kuuvunja kwa mshale wa pili. Kuna waliosema kwamba aliyelitunga shairi hilo ni kaisari mwenyewe. Habari za mshale kila mtu na azipokee kwa kadiri ya imani yake. Lakini la kutazamwa ni kwamba marehemu hakujisifu kuwa alipewa zawadi na kaisari. Alijisifu kuwa kaisari aliitazama kazi yake akaihukumu.

Hilo latufikisha katika Afrika, na katika ushahidi ulio mzito kuliko yote. Mwaka 128 Hadrian alivuka bahari akaja katika majimbo ya Afrika ya Kaskazini, na sira yake yasema kwamba alipowasili mvua ilinyesha baada ya ukame wa miaka mitano, na kwa hiyo watu wa Afrika wakampenda. Mgeni njoo, mwenyeji apone. Mwezi wa Julai alikuwa Lambaesis, katika nchi ya Numidia, ambayo leo ni Algeria, si mbali na mji wa Batna. Hapo ndipo palipokuwa na kambi ya Legioni ya Tatu Augusta, legioni pekee iliyokaa katika Afrika ya Warumi magharibi ya Misri. Kaisari aliwatazama askari wakifanya mazoezi yao, akawahutubia kikosi kwa kikosi, nao wakayachonga maneno yake katika nguzo iliyosimamishwa kwenye uwanja wa gwaride. Vipande vya maandishi hayo vimefukuliwa na kusomwa. Na kwa hivyo tunayo kauli ya kaisari akisema na askari, isiyopita katika kinywa cha rawi wa baada ya karne mbili na nusu, bali iliyochongwa na hao hao waliomsikia.

Anayeyasoma maandishi hayo kwa kutaraji machozi na fadhila za ghafula atashangaa, maana kaisari asema kama fundi asemavyo na mafundi. Kwa legioni aanza kwa kuzitaja yeye mwenyewe nyudhuru zao, ambazo jemadari wao, Fabius Catullinus, alikuwa amemweleza kwa niaba yao: kwamba kikosi kimoja hutolewa kila mwaka kwa zamu kwenda kutumika kwa liwali wa jimbo, kwamba si zamani sana walitoa watu kuijazia legioni nyingine, kwamba vituo vingi vya ulinzi vimewatapanya, kwamba wamehama kambi mara mbili na kujenga mpya. Kwa sababu hizo, awaambia, angaliwasamehe kama mazoezi yao yangalilegea, lakini hayakulegea. Kwa wapanda farasi wa kikosi kingine asifu ukuta wa mawe makubwa, mazito, yasiyolingana, walioujenga kwa muda usiozidi sana ule wa kujenga boma la madongo ya majani, ilhali madongo hukatwa sawasawa, ni mepesi kuchukuliwa, na hupangika bila taabu. Na asifu handaki walilolichimba katika kokoto ngumu wakalilainisha kwa kulikwangua.

Kwa wapanda farasi wa kikosi cha Kommagene asema jambo ambalo lingeweza kusemwa na mtu aliyezitazama kazi za watu kwa muda mrefu tu: kwamba ni vigumu kwao kupendeza, na vigumu zaidi kutochukiza baada ya watu kuona mazoezi ya wapanda farasi wa daraja ya juu, kwa kuwa uwanja wao si sawa, idadi yao si sawa, na uzuri wa farasi na silaha zao ni kwa kadiri ya mshahara wao, lakini kwa bidii yao wameiondoa dharau hiyo. Wala hakusifu tu. Kuna mwendo mmoja wa kupishana mbio katika mazoezi ambao aliukataa mbele yao, akaleta ushahidi kwamba hata Trajan hakuupenda, akaeleza sababu: mpanda farasi na atoke penye kificho, amfuate adui kwa hadhari, kwani asipoona aendako, au asipoweza kumzuia farasi wake atakapo, atatumbukia katika mitego iliyofichwa.

Mabibi na mabwana, hayo ndiyo makutano ya kweli ya kaisari na askari wake, na yana sura mbali kabisa na ile ya hamamu. Katika hekaya kaisari amjua askari. Katika jiwe kaisari aijua kazi ya askari. Katika vipande vilivyobaki vya nguzo ile jemadari ametajwa kwa jina, lakini hakuna askari wa safu aliyetajwa, na hata hivyo sioni kama walidharauliwa. Mtu aliyebeba mawe juani, akachimba kokoto, akasikia mkuu wa dola akieleza mbele ya wote tofauti baina ya jiwe na dongo la majani, alijua kwamba taabu yake imeonekana. Alikuwako aliyelicheka jambo hili: Fronto, mwalimu wa Marcus Aurelius, naye ni mzaliwa wa Cirta, katika nchi hiyo hiyo ya Numidia, aliandika baadaye kwamba Hadrian alikuwa mwepesi wa kuzunguka na kuwahutubia askari kuliko kuwapeleka vitani. Lakini yumkini askari wenyewe hawakuhesabu hiyo kuwa ni aibu.

Hata hivyo uwanja wa gwaride nao una mipaka yake, kwa kuwa kaisari mmoja hawezi kufika katika kambi zote, na akifika hakai. Nataka, basi, kuwaonyesha makutano ya tatu, ambayo hayakuwa na uso wala sauti. Sheria ya Warumi ilimkataza askari kuoa muda wote wa utumishi wake. Lakini miaka 25 ni umri wa mtu, na askari waliishi na wanawake wakazaa nao. Watoto hao machoni pa sheria hawakuwa na baba, na askari alipokufa, watoto wake hawakuweza kuiingia mirathi yake kwa kudai kuwa ni damu yake. Mwaka 119 Hadrian alimwandikia barua Rammius Martialis, liwali wake wa Misri. Maana yake ni kwamba watoto hawa walizuiliwa mali za baba zao, na jambo hilo halikuhesabiwa kuwa ni ukali kwa kuwa baba zao walivunja nidhamu ya jeshi. Naye apenda kuufasiri kwa upole zaidi ukali wa makaisari waliomtangulia. Basi, ingawa watoto hao hawatakuwa warithi wa halali, waruhusiwe kuidai mali kwa njia ile ambayo sheria huwapa jamaa wa damu. Nakala ya barua hiyo, kwa Kiyunani, ilihifadhiwa katika mchanga mkavu wa Misri juu ya karatasi ya mafunjo, na imeandikwa ndani yake kwamba ilibandikwa kambini, mbele ya legioni mbili, tarehe 4 Agosti 119.

Kuna na shaba. Askari wa vikosi vya wasaidizi, ambao aghalabu hawakuwa raia wa Roma, walipotimiza miaka 25 walipewa uraia, wao na watoto wao, na haki ya ndoa itakayotambuliwa na sheria. Tangazo lilichongwa katika shaba likawekwa Roma. Na askari aliyependa aliweza kupata nakala yake, vibamba viwili vidogo vya shaba vilivyofungwa kwa uzi wa madini na kutiwa mihuri ya mashahidi saba. Mamia ya vibamba hivyo yameokotwa katika nchi zilizokuwa za dola hiyo. Kila kimoja chaanza kwa jina la kaisari na lakabu zake zote, na chini yake, katika shaba ile ile na kwa mkono ule ule, limechongwa jina la mtu mmoja asiye na cheo, jina la baba yake na kabila lake, na pengine majina ya mkewe na wanawe. Kaisari hakumjua, wala yeye hakupata kumwona kaisari. Lakini majina yao yamekaa pamoja muda wa karne kumi na tisa, na lile dogo halikuwekwa hapo kwa huruma, bali kwa kuwa muda wa utumishi ulitimizwa na haki ikapasa.

Sasa tukirudi kwa wale wazee waliokuja nyuma, twaona kwamba kisa hakikuwa na ujinga kama tulivyodhani. Wasikilizaji wengi huwacheka na kusema kwamba kaisari aliwaaibisha walafi. Lakini walifanya nini ila kile ambacho kaisari mwenyewe aliwafundisha? Aliwaonyesha kwamba mlango wa haja zao ni jicho lake, na kwamba mwenye shida asiyeonekana hana shida. Nao wakaja waonekane. Wahenga wetu wamesema asiyekuwapo na lake halipo, na hiyo ndiyo kanuni ya ukarimu wa hamamuni: humfikia aliyepo, na kati ya waliopo humfikia wa kwanza. Ile barua ya mwaka 119 iliigeuza kanuni hiyo juu chini. Askari aliyekwisha kufa, ambaye hakuwapo mahali popote, lake lilikuwapo, na mwanawe alikwenda kulidai.

Wala tusisahau kwamba katika kisa hiki wamo watu ambao hata msimulizi hakuwatupia jicho, nao ni wale watumwa waliotolewa zawadi. Sisi ambao masoko ya watumwa yalikuwa katika miji yetu si zamani mno hatuwezi kupita hapo kimya. Mgongo wa mzee ulipata raha kwa kuwa watu wengine walihamishwa kutoka mkono mmoja hata mwingine kama vile taulo na chupa za mafuta, na hakuna aliyewauliza wao wasuguliwe na nani. Na kaisari huyu huyu mpole wa hamamuni ndiye ambaye majeshi yake, baina ya mwaka 132 na 135, yaliwavunja Wayahudi waliomwasi katika Yudea kwa ukatili ambao Dio anauhesabia watu 580,000 waliouawa vitani, bila kuwataja waliokufa kwa njaa, maradhi na moto. Hekaya ya wema wa mtawala si lazima iwe uongo ili itudanganye. Yatosha kwamba ni habari ya mtu mmoja ikisimuliwa kana kwamba ni habari ya wote.

Sisemi, basi, kwamba hekaya ziachwe. Watu huzitunga kwa kuwa wana kiu ya kujulikana na wale wawatawalao, na kiu hiyo ni ya haki. Mwenye kutawala asiyeisikia hafai. Nisemalo ni kwamba tuzipokee kwa adabu ya wapokezi wa riwaya, na kila tunapoambiwa kwamba mkubwa fulani alimwona mnyonge fulani akamhurumia, tuulize ni kanuni gani aliyoiacha nyuma yake kwa wale ambao hakuwaona. Hadrian mwenyewe, katika mwisho wa barua yake kwa liwali wa Misri, aliagiza kwamba fadhila hiyo itangazwe kwa askari na kwa wastaafu, akaeleza kuwa hataki itangazwe ili yeye aonekane mkubwa mbele yao, bali ili wasioijua wapate kuitumia. Hekaya ya hamamu yamtaka askari amshukuru kaisari. Barua ilimtaka aitumie haki yake, na tofauti ya mambo hayo mawili ndiyo niliyotaka kuieleza mbele yenu.